Mwezi wa Ngoie Ulikwenda Mbali, Ukarudi

Ninyi mnaokaa katikati ya watu wawili wasioelewana na kula kwa mdomo wenu, haya nayaandika kwa ajili yenu. Wengine wasome pia, ila wasinisukume nikienda polepole. Nimechoka. Miguu yangu haijachoka, bado inafika Kashikishi sokoni na kurudi. Nimechoka na maneno ya watu. Maisha yangu yote ya kazi nilibeba maneno yasiyo yangu: maumivu ya huyu, hasira ya yule, aibu ya mwingine. Niliyapokea kwa Kiswahili au Kibemba, nikayakabidhi kwa Kiingereza, kisha nikageuka na mzigo mwingine. Jioni mama akiniuliza tupike nini, nilinyoosha kidole kwenye chungu. Maneno yalikuwa yamekwisha.

Nilianza nikiwa msichana, miaka ya hamsini, katika dispensari ndogo juu ya ufuko wa ziwa, hapa Nchelenge. Nilikuwa nimesoma sekondari kidogo kabla baba hajaugua nikaitwa nyumbani, na wakati ule msichana wa sekondari huku kwetu alitazamwa kama mbuzi aliyevaa kofia. Mama alitoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili nilikipata kwake pamoja na maziwa. Kibemba nilikipata uwanjani kwa baba. Kiingereza nilikipata kwa fimbo.

Tena nilikuwa na haya. Wageni wakija nilisimama nyuma ya mlango mpaka waondoke, na yote niliyotaka kuwaambia niliyaandika jioni, nikafunga daftari. Watu waliuliza mwenye haya atawezaje kazi ya kusema. Mimi nawaambia kwamba kazi hii ni ya mwenye haya. Mkalimani akipenda kusikika, atasikika yeye, na mgonjwa atapotea. Wewe simama pembeni, sauti yako iwe ndogo, mpaka wasahau kwamba upo. Wakisahau, ndipo wanaposema kweli.

Aliyenifundisha ni ba Kabwe, “ba” ya heshima ya Kibemba, dresa wetu, mtu wa kufunga vidonda na kuchemsha sindano. Kabla yangu yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri, na shida ilikuwa moja tu: alikuwa mwanamume. Wanawake walimwambia wanaumwa kichwa, hata kama kinachouma kilikuwa mbali kabisa na kichwa. Ndiyo maana nikachukuliwa mimi. Hakuniwekea kinyongo. Alinikalisha kwenye benchi siku ya kwanza akanipa somo.

“Mwape, nimekusikia asubuhi. Wewe unatafsiri mpaka kikohozi. Kata! Sista ana saa kifuani, huioni? Mama akianza habari ya shangazi, ya ndoto, ya mbuzi aliyepotea, wewe mpe Sista tumbo. Tumbo linauma, basi.”

“Na mbuzi, mukwai?” nikamwuliza kwa heshima.

“Mbuzi tutamtibu siku nyingine.”

Sista alikuwa mzungu mwembamba, muuguzi wetu wa pekee, na saa yake aliifunga kifuani kichwa chini, kwa hiyo watu walimwita Mama Saa. Hakuwa mbaya. Alikuwa peke yake na foleni iliyofika mpaka kwenye miti, na mtu wa namna hiyo hupenda maneno mafupi. Ba Kabwe alimpa mafupi miaka mingi, na mara nyingi yalitosha. Sitaki mmcheke. Watu wengi wanatembea leo kwa sababu ya mikono yake.

Sasa, neno lililonitoa jasho kuliko yote ni mwezi.

Waingereza wana neno moja la ule wa angani na jingine la ule wa kalenda. Sisi tunalo moja. Kibemba nacho vilevile. Jioni moja Sista alisimama barazani, mwezi mpevu ukichomoza nyuma ya mihogo, akasema kwa furaha, leo mwezi uko karibu nasi kweli, je, ulisoma shuleni kwamba huja karibu na kwenda mbali? Aliniuliza mimi, lakini ba Kabwe alikuwa karibu, na mpishi na mfagiaji walitaka kujua mzungu anafurahia nini. Akawakatia kama kawaida yake: “Anasema mwezi uko karibu.” Asubuhi yake mpishi na mfagiaji walifika wamenyoa, wamevaa mashati safi, wakasimama mlangoni kwa adabu kungoja mshahara. Sista akaniuliza kuna sherehe gani. Nikamwonyesha kalenda.

Lakini alichosema Sista kilikuwa kweli, na afadhali nikieleze hapa, maana bila hicho hamtaelewa yanayofuata. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha kwa misumari miwili na uzi. Alipigilia misumari kwenye ubao, akaizungushia uzi uliofungwa ncha, akaingiza chaki ndani ya uzi na kuizungusha. Haikutoka duara, ilitoka kitu kama yai. Akasema, hii ndiyo njia ya mwezi, na dunia haikai katikati ya yai, imekaa upande mmoja, hapa kwenye msumari. Kwa hiyo kila mzunguko mwezi hupita mahali pa karibu mara moja na mahali pa mbali mara moja. Ukiwa karibu, ni mkubwa kidogo. Ukiwa mbali, ni mdogo kidogo.

Ni kidogo kweli, na jicho lako litakudanganya. Mwezi unapochomoza au unapozama huonekana mkubwa kama sinia, na wavuvi wetu wanaorudi alfajiri wakiuona unalala juu ya maji upande wa Kongo husema umeshuka kunywa. Huo si ukaribu. Ukitaka kuujua ukaribu, lazima uutazame kupitia kitu kisichobadilika.

Na jambo la mwisho, kisha namwacha mwalimu huyu. Mwezi haujai kila mara ukiwa mahali palepale pa njia yake. Ukijaa leo ukiwa karibu kabisa, safari ijayo utapita pale pa karibu kabla haujajaa, na safari ya baada yake utatangulia zaidi, kama mtu anayewahi sokoni kila wiki mapema kidogo kuliko mwenzake. Polepole mwezi mpevu unahama, kila ukijaa ni mdogo kuliko uliotangulia, mpaka baada ya kama miezi saba unajaa ukiwa mbali kabisa. Halafu unaanza kurudi. Darasani niliandika yote hayo na kuyasahau. Sikufikiri yangekuja kunidai mbele ya mwanamke mwenye mimba.

Jina lake Ngoie. Aliletwa na shemeji yake, Kazadi, mwenye bwato ya mbao ya kuvusha samaki na watu kati ya Kilwa na kwetu. Ilikuwa wakati wa upepo, na wakati huo ziwa huamka mchana likiwa limekasirika, kwa hiyo Kazadi alitaka kugeuza asubuhi ileile. Ngoie alikuwa mwanamke mrefu, kimya, tumbo lake dogo. Alikuwa amezaa zaidi ya mara moja na hakuna aliyebaki. Hayo Kazadi ndiye aliyeyasema, kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kama mtu anayetaja bidhaa.

Vitanda vyetu vilikuwa vichache. Mwanamke ambaye siku zake ziko mbali alipewa vidonge na kurudishwa kwao. Aliyekaribia alibaki kwenye kibanda cha kungojea. Kwa mwanamke kama Ngoie hilo ndilo lilikuwa swali lote: abaki au avuke? Kuzaa katikati ya ziwa, au kwao bila mtu wa kushika kitoto kidogo, ilikuwa kurudia yaliyompata. Na Sista aliulizia miezi, kwa sababu mikono yake ilimwambia tumbo ni la mwezi wa sita, labda wa saba.

Mimi nilikuwa ndani nikimshikilia mtoto wa mtu apigwe sindano. Ba Kabwe ndiye aliyeuliza, barazani. Nilisikia kupitia dirishani.

“Mama, Sista anauliza mwezi yako iko wapi?”

Ngoie akajibu taratibu: “Mwezi yangu ilienda mbali kabisa. Sasa iko narudia.”

Na ba Kabwe, kwa Kiingereza, fupi na safi: mwezi wake bado uko mbali, anasema anarudi kwao.

“Mvua ya kwanza ilikukuta na mimba?” Sista alitaka aulizwe.

“Mvua ilinyesha,” akasema Ngoie.

“Mvua gani, mama?”

“Ya mayi.” Ya maji.

Foleni ilicheka. Sista akampa vidonge, akamwambia arudi baadaye, akaita anayefuata.

Hapo kifuani mwangu pakawa na kitu, na sikujua ni kitu gani. Kiswahili cha ba Kabwe kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua, na katika Kiswahili hicho “iko” ni ya kila mtu. Mimi iko nakuja, wewe iko nakuja, samaki iko naoza, yote ni iko. Mtu akisema “iko narudia”, ba Kabwe anamsikia akisema “mimi narudi”. Lakini Ngoie hakujifunza Kiswahili sokoni. Alizaliwa nacho, kama mama yangu. Yeye akitaka kusema anarudi angesema “niko narudia”. Akisema “iko”, basi kinachorudi ni kitu kingine.

Nilimrudishia mwenyewe mtoto wake nikatoka. Sikumwambia Sista. Haya yangu haikuniruhusu kumsahihisha mkubwa wangu mbele ya watu, kwa hiyo nilifanya anachofanya mwenye haya: nilichukua furushi la Ngoie nikamsindikiza ufukoni kama mtu mwenye adabu tu. Njiani furushi lilinichoma mkono. Ndani ya kanga palikuwa na kipande cha waya kilichokunjwa pembe nne, kama tundu moja la wavu.

“Yaya,” nikamwita kama dada mkubwa, “hii ni ya nini?”

Alitazama kama Kazadi yuko mbali. Alikuwa mbali, anasukuma magunia.

“Tata yangu anafumaka nyavu,” akasema. Tata ni baba. “Wale wengine niliwahesabu na kinywa, mwezi kwa mwezi, nikaambia kila mutu. Ukaona, hakuna aliyebakia. Huyu, tata alinikataza. Aliniambia, Ngoie, usihesabu, usitaje mvua, usitaje mavuno, angalia tu. Akanipigilia ile waya pa muti ya kuanikia samaki. Mwezi ikiwa muzima, imepanda juu, ninakaa pa jiwe yangu, ninaiangalia mu tundu.”

“Kila mara jiwe lilelile?”

“Jiwe ile ile, jicho ile ile. Kwanza tata alitumia uzi. Mvua ikalowesha uzi, ikakazika, tundu ikapunguka, mwezi ikaonekana imekuya karibu mara moja. Mama yangu akalia, akasema mutoto anakuya leo. Kumbe ni uzi.” Akacheka kidogo, mkono mdomoni. “Njo tata akaweka waya. Wakati ya kuvuka niliing'oa, nikakuya nayo.”

Nilimwuliza, nikipima kila neno, maana niliona nikiuliza vibaya atafunga mdomo kama alivyoufunga kwa Sista: mwezi ule wa mwanzo ulikuwaje kwenye tundu?

“Ilikataa kuingia. Ilikuwa karibu, ilijaza waya yote, huku na huku. Nyuma ya ile, kila ikiwa muzima, inapunguka. Inapunguka. Ikafika mbali, ikawa inacheza mu waya sawa jino ya mutoto.”

“Na sasa?”

“Sasa iko narudia. Hii ya juzi imeanza kukaribia waya.”

Nilisimama na furushi mkononi. Yai la mwalimu lilinijia na msumari wake. Toka kujaa waya mpaka kucheza kama jino, hiyo peke yake ni miezi saba. Na tangu hapo umejaa tena na tena, unarudi. Mwanamke huyu hakuwa wa mwezi wa sita. Alikuwa mlangoni.

“Yaya, nani anarudi? Wewe ama mwezi?”

“Mimi ninarudia kufanya nini?” akasema. “Bwana yangu anangojea mutoto. Haningojee mimi. Lakini muzungu amesema niende, nitafanya je?”

Kazadi alikuwa ameanza kupiga kelele, akiniita binti kwa Kifaransa. “Mamzeli! Bwato yangu haina kiti ya masomo! Shemeji, panda!”

“Tata Kazadi, ngoja kidogo, nizungumze na Sista.”

“Upepo ikikuya, utaitafsiria? Utaiambia ingoje kidogo?” Vijana wa bwato wakaangua kicheko. “Sema basi, mamzeli! Sema na upepo, tusikie!”

Nilitamani mchanga unimeze. Hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Lakini Ngoie alikuwa ameweka mguu mmoja majini, na niliuona mguu ule ulivyovimba, nikaweka furushi lake chini, mbali na bwato, nikapanda mteremko nikikimbia.

Sista alikuwa anamchimbua mvuvi mmoja mwiba wa samaki kwenye unyayo. Ba Kabwe ameshika mguu. Nilisema kwa Kiingereza, na sauti ilitoka kama ya kuku aliyekanyagwa, kwamba yule mama harudi kwao, kinachorudi ni mwezi.

“Mwezi gani?” akasema Sista bila kuinua kichwa.

“Wa juu, Sista.”

“Wanasema nini?” mvuvi akaniuliza kwa Kibemba. “Ni mguu wangu?”

“Si mguu wako, mukwai. Ni mwezi.”

“Mwezi una nini na mguu wangu?”

Ba Kabwe alinitazama. “Mwape. Alisema iko narudia. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe.”

“Alisema hivyo kweli, mukwai. Lakini iko yake si iko yetu.”

Ba Kabwe alishika tu ule mguu kwa nguvu zaidi, mvuvi akapiga yowe.

Nilichovya kidole kwenye ayodini nikachora yai kwenye trei ya enameli, na dunia upande mmoja. Nilieleza waya, jiwe, jino la mtoto. Nilieleza kwa nini mtu aliyezika wote hahesabu kwa sauti. Sikukata kitu. Nilimpa Sista na mbuzi na shangazi na ndoto, yote. Sijui nilisema muda gani. Najua foleni ilinyamaza, na mara ya kwanza katika kazi ile kila mtu alijua kwamba nipo.

Sista alitazama trei. “Kwa macho yangu mwezi ni uleule siku zote,” akasema.

“Kwa macho yangu pia, Sista. Yeye alikuwa na waya.”

Akaifuta mikono yake. Mpaka leo nampenda kwa alilosema baadaye, maana hakujifanya ameamini. “Hilo la mwezi sitaweza kulithibitisha kabla ya upepo. Lakini kama ni wa tisa na tumbo ni dogo namna ile, hatakiwi kukanyaga maji hata ya kuoga ziwani. Na kama si wa tisa, atakuwa amekula chakula chetu bure. Mlete.”

Nilishuka. Kazadi alikuwa amekwisha kulitupa lile furushi ndani ya bwato. Alilitoa na kulitupa mchangani, akaapa kwa Kifaransa chote alichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi. “Nitamwambia kaka yangu nini? Kwamba muke yake amefungwa na mwezi?”

“Mwambie hivyo hivyo, shemeji,” akasema Ngoie, akageuka akaanza kupanda. Alipanda polepole, mkono kiunoni, na hakutazama nyuma.

Ba Kabwe hakusema nami siku nyingi. Alipitisha maneno kwa mpishi: mwambie Mwape maji yamechemka, mwambie Mwape mashuka. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu aliowatibu. Siku moja akaja mama mwingine kutoka ng'ambo, na nikiwa ghalani nikamsikia ba Kabwe akiita, kwa uchovu, si kwa hasira: “Mwape, njoo umsikilize huyu. Anatumia iko nyingi.” Tukafanya kazi pamoja baada ya hapo mpaka alipostaafu, na alipoagwa alitaka mimi nitafsiri hotuba yake. Nikatafsiri mpaka kikohozi.

Nawaambia hivi ninyi wa sasa, mlio na simu zinazotafsiri kabla mtu hajafunga mdomo, na mashine zinazomwonyesha mtoto tumboni kama picha. Ni vizuri. Zingekuwepo, nisingechora yai kwa ayodini. Lakini neno likikuchoma kidogo kifuani, usilipitishe. Rudi uulize. Uliza hata ukichekwa na vijana wa bwato. Mtu akisema “iko”, muulize ni nani. Akisema mwezi, muulize upi. Inachosha. Mimi ilinichosha mpaka nikamaliza maneno yangu mwenyewe, na sikuolewa na mtu aliyependa mazungumzo.

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana, wanawake wa ufukoni wakigeuza samaki kwenye vichanja, na harufu ilijaa chumba. Nilikaa upande wa kichwa cha Ngoie nikampa maneno ya Sista: pumua, ngoja, sasa. Ngoie hakulia. Alinishika kidole kimoja tu, na kidole kile kilikuwa na alama mpaka siku ya pili.

Mtoto alitoka mdogo, mdogo kama samaki anayeongezwa juu ya fungu ili mteja afurahi. Wa kiume. Alichelewa kulia. Sista alimgeuza, akamsugua, akamvuta kitu mdomoni kwa mpira, na nilianza kuhesabu kimya kimya nikajizuia. Halafu akalia, sauti nyembamba kama ya mlango. Sista akamfunga kwa pamba, akamlaza katika boksi kati ya chupa za maji ya moto, na akabaki ameinama pale.

Ngoie alijiinua kwa viwiko. “Muulize. Atakaa?”

Nikauliza.

Sista alimtazama mtoto, akaitazama saa yake, akamtazama mtoto tena. Kisha akasema, hajui.

Ba Kabwe alikuwa mlangoni na maji mengine. Alisikia. “Mwambie atakaa, Mwape,” akaninong'oneza kwa Kibemba. “Mpe mama moyo. Kuna ubaya gani?”

Nilimtazama Ngoie. Uso wake ulikuwa umeloa, midomo imekauka, na macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu, si kwa Sista. Mimi niliyejificha nyuma ya milango nilikuwa mlango wenyewe.

“Anasema hajui,” nikamwambia.

Alirudi kulala chini. Nilifikiri nimemvunja.

“Wale wengine,” akasema, “kila mara waliniambia atakaa. Wakaniambia, wakaenda kula. Huyu hajui.” Akageuza kichwa kuelekea boksi. “Basi ataendelea kuangalia. Umwambie mimi pia sijui.”

Nikamwambia Sista kwamba yeye pia hajui.

Sista akavuta kigoda, akaketi upande wake wa boksi. Ngoie akasogea mpaka ukingoni mwa kitanda, upande wake. Wakaangalia. Nilingoja nione kama kuna neno la kupeleka huku au kule, halikuwepo, nikatoka barazani nikaketi chini, ba Kabwe akanipa maji ya kunywa katika kikombe chake.

Kazadi alirudi upepo ulipotulia. Alimwona mtoto, akavua kofia, akaivaa tena haraka kama mtu aliyekosea. Halafu akawapakia wote wawili, akawafunika na turubai yake mpya, akasukuma, na mpaka sauti yake ilipopotea majini alikuwa akilalamika kwamba bwato imekuwa nzito.